Je, Mpiga Akodioni wa Keya Alikuwa Askari au Mtumbuizaji Tu?

Msomaji wa mtaa wa Umoja ameniandikia hivi:

"Mwalimu, habari za siku. Jumamosi tulikuwa kwa kinyozi tukibishana kuhusu mastaa waliopigana vita. Mmoja alimtaja Elvis Presley, mwingine John Wayne. Mimi nikasema baba yake nyanya yangu alitoka Murang'a akaingia Keya, lile jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, akapelekwa Burma na akodioni yake. Wakanicheka, eti huyo alikuwa mtumbuizaji, si askari. Hebu nisaidie. Ni mastaa gani waliotumikia jeshi vita vikiwa vimepamba moto? Na mzee wetu nimweke upande gani? Kilichobaki nyumbani ni nishani moja tu, nyota ya shaba yenye utepe, ambayo shangazi huifunga kwenye leso."

Ndugu yangu, natumaini ulinyolewa hatimaye. Nianze na hao wawili, maana hawatachukua muda.

Elvis alivaa gwanda kweli. Aliitwa jeshini Machi 1958, akapelekwa Ujerumani kwenye kikosi cha vifaru, akaachiliwa Machi 1960. Lakini miaka hiyo Marekani haikuwa vitani. Korea bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu 1953, na Vietnam moto ulikuwa bado haujawafikia vijana wao. Alilinda zamu na kupiga saluti, basi. Jimi Hendrix naye ni vivyo hivyo: aliingia 1961, akafunzwa kuruka kwa parachuti, na 1962 akaachishwa bila kuona vita. Sasa John Wayne ndiye kichekesho chenyewe. Mtu aliyewapiga Wajapani na Wajerumani wengi kuliko wote kwenye sinema hakuwahi kuandikishwa hata siku moja. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa na familia na mkataba wa studio, akapata ruhusa ya kubaki nyumbani, na akaendelea kupiga filamu. Ndiye yule aliyekuja Tanganyika kukimbiza vifaru na nyati katika "Hatari!" ya 1962. Kwa hiyo aliyemleta kwenye mjadala anunue soda.

Ukitaka mtu wa kuwafunga mdomo, wapelekee James Stewart. Mapema 1941 alipokea Oscar, na haikupita miezi miwili akawa kuruti wa kawaida mwenye mshahara wa dola 21 kwa mwezi. Alikuwa amekataliwa mwaka uliotangulia kwa sababu ya wembamba: mrefu kama mlingoti, uzito haufiki. Akala, akarudi kwenye mizani, akapita. Alikuwa tayari na leseni yake ya urubani, na jeshi lilipotaka kumfanya mwalimu na sura ya matangazo akahangaika mpaka akapewa kikosi. Mwishoni mwa 1943 alifika Tibenham, Uingereza, akiongoza marubani wa B-24, yale madege mazito ya kuangusha mabomu yenye injini nne.

Hebu ifikirie kazi yenyewe. Watu kumi ndani ya bati lisilo na joto, juu angani ambako bila barakoa ya oksijeni unazimia, na chini mizinga ya Wajerumani inawatafuta. Kiongozi wa msafara hana ruhusa ya kukwepa, kwa sababu akiyumba yeye, nyuma yake wanayumba wote na mabomu yanaanguka pasipo. Stewart alihesabiwa safari 20 za namna hiyo. Aliingia kama askari wa mwisho kabisa, akamaliza vita akiwa kanali, na mwaka 1959 akapandishwa kuwa brigedia jenerali wa akiba. Jambo ninalompendea zaidi ni hili: aliporudi Hollywood hakutaka studio itangaze filamu zake kwa kutumia vita vyake.

Wengine nawapitia haraka. Charles Bronson, ambaye vijana wa zamani wa Nairobi walikuwa wakimpigia makofi ukumbini kabla hata hajafyatua risasi, alikuwa mpiga bunduki ndani ya ndege ya B-29 huko Pasifiki na alijeruhiwa. Lee Marvin alipigwa risasi Saipan mwaka 1944 akiwa Marine, askari wa majini wa kupigana nchi kavu. Hao hawakuwa mastaa bado. Walikuwa vijana tu, na umaarufu ulikuja baadaye. Ukibishana, tenganisha mambo hayo mawili: nyota aliyeacha taa akaenda vitani, na askari aliyerudi akawa nyota. Watu huyachanganya kila siku.

Clark Gable ni wa kundi la kwanza, na ana habari ya kwetu. Mkewe, mwigizaji Carole Lombard, alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1942 akitoka kwenye safari ya kuuza dhamana za vita. Agosti mwaka huohuo Gable akajiandikisha, ana miaka 41, umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta cheti cha daktari. Aliruka safari tano juu ya Ulaya, mara nyingine na kamera, mara nyingine na bunduki. Miaka kumi baadaye akaja Kenya kupiga filamu ya "Mogambo", hali ya hatari ikiwa imetangazwa tu nchini.

Naye William Holden, aliyeshiriki kuanzisha ile Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki mwaka 1959, alikuwa luteni wa jeshi la anga la Marekani wakati wa vita. Unajua kazi yake? Kucheza filamu za mafunzo ya askari. Hakuvuka bahari. Mdogo wake, rubani wa jeshi la majini, aliuawa 1944. Familia moja, sare mbili, na jeshi likaamua nani abaki mbele ya kamera na nani aende. Hapo ndipo swali la kinyozi linapoanza kuchakaa. Mnauliza kama mtu "alipigana", kana kwamba askari huchagua. Askari hupewa kazi, na ukitaka kumpima, uliza alipewa kazi gani na aliifanyaje.

Mwangalie Josephine Baker. Mweusi wa Marekani, mcheza dansi na mwimbaji aliyeishi Paris tangu 1925, raia wa Ufaransa tangu 1937. Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, alikuwa tayari anafanya kazi na ofisa wa ujasusi, Jacques Abtey. Mwisho wa mwaka huo wawili hao wakavuka mpaka kuelekea Lisbon, ofisa akijifanya mtumishi wa msanii. Mizigo ilikuwa ya kawaida kwa mwimbaji: magauni, makoti ya manyoya, na karatasi za noti za muziki. Ila katikati ya mistari ile ya noti palikuwa na habari za majeshi ya adui, zimeandikwa kwa wino usioonekana. Karatasi nyingine alizibana kwa pini ndani ya nguo zake. Mpakani askari walimtambua, wakataka saini yake, wakatabasamu. Nani atampekua Josephine Baker? Nyota huwezi kumficha, basi wakaficha siri ndani ya nyota.

Baadaye alikaa Afrika Kaskazini akiwaimbia wanajeshi, akapewa cheo cha luteni mdogo kwenye kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la Ufaransa Huru, akatunukiwa nishani ya Upinzani, Croix de Guerre na Legion d'honneur. Tarehe 30 Novemba 2021 jina lake liliingizwa Panthéon, wanakolazwa mashujaa wa Ufaransa, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Sasa waulize jamaa zako: huyo alikuwa mtumbuizaji "tu"?

Na Glenn Miller, kiongozi wa bendi iliyouza santuri nyingi kuliko zote Marekani katika miaka yake, aliivunja bendi mwaka 1942 akaingia jeshini, akaunda bendi ya jeshi la anga na kupanda mpaka meja. Tarehe 15 Desemba 1944 alipanda ndege ndogo Uingereza aende Paris kuandaa maonyesho ya wanajeshi. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege haikuonekana tena, wala yeye. Alikufa kazini kama mpiga mzinga yeyote.

Tuje sasa kwa mzee wako, maana hao wengine wameshaandikiwa vya kutosha.

Muziki na jeshi kwetu havikuanzia Burma. Beni, ngoma ile ya tarumbeta, magwaride, sare na vyeo vya kujipa, ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vita vya Kwanza vilipokuja, askari na wapagazi wakaisambaza bara, pande zote mbili za vita, ya Mwingereza na ya Mjerumani. Jina la mtaa wa Kariokor hapa Nairobi, lililotokana na Carrier Corps, ni kovu la wapagazi hao, na sanamu tatu za shaba pale Barabara ya Kenyatta zimesimama kwa ajili yao na wenzao wenye bunduki. Kwa hiyo Keya ilipofika Vita vya Pili ilikuwa na watu waliojua kwamba kambi bila ngoma huoza.

Jeshi la Waingereza nalo lilijua. Likaunda kikosi cha burudani ndani ya Keya na kukusanya wapiga gita, waimbaji, wachekeshaji. Hawa hawakuwa bendi ya kukodiwa. Waliandikishwa, wakavaa sare, wakawa chini ya sheria ileile ya jeshi, wakapelekwa mpaka India na Burma. Malipo yao, kama ya kila Mwafrika wa Keya, yalikuwa pungufu ya mzungu wa cheo kilekile.

Kufika huko tu kulikuwa vita. Njia ilikuwa meli kutoka Kilindini kuelekea Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa torpedo meli ya Khedive Ismail. Ilizama kwa dakika chache na watu 1,297, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki na wanawake 77, wengi wao wauguzi. Torpedo haiulizi nani amebeba bunduki na nani amebeba gita. Waliofika salama waliingia msimu wa mvua wa 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya magoti, malaria ikiwaangusha kuliko risasi, mpaka ikafika mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Jukwaa la mwanamuziki kule halikuwa ukumbi wa Bomas.

Sasa sikiliza hili, maana linaniuma kidogo. Mwaka huohuo wa 1944 mwimbaji wa Kiingereza Vera Lynn alikwenda Burma kuwaimbia wanajeshi. Mwanamke jasiri, simnyimi haki yake: joto, mbu, piano inayopoteza sauti njiani. Hakuwa askari. Mwaka 1985 alipewa nishani ya Burma Star kwa kazi hiyo, na alipofariki 2020 akiwa na miaka 103 dunia nzima ilimlilia. Hakuna mtu Uingereza anayesema "alikuwa mtumbuizaji tu". Na sisi, kwa watu wetu walioandikishwa kabisa, ndio wa kwanza kucheka kwa kinyozi.

Unayeweza kumtaja kwa jina, na kwa sauti, ni Fundi Konde. Mgiriama wa pwani, mzaliwa wa 1924, alipitia kikosi hicho cha burudani, na baada ya vita akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza hapa Afrika Mashariki kujulikana kwa gita la umeme. Miaka ya mwisho ya 1940 na ile ya 1950 alirekodi kwa lebo ya HMV, ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Itafute "Majengo Siku Hizi". Kichwa tu kinakwambia ni mtu aliyeijua miji. Lakini tega sikio kwenye gita: haliendi mbio, linatembea, na sauti inaimba kwa upole kama mtu aliyekwisha kusikia kelele za kutosha. Hilo la kelele ni dhana yangu, usilinukuu. Alifariki mwaka 2000, baada ya nyimbo zake za zamani kutolewa upya miaka ya 1990 na vijana kugundua kwamba mzee bado yuko.

Wenzake wengine wa kikosi hicho walijiunga wakawa Rhino Boys, bendi iliyoanzia Uganda baada ya vita. Na pembeni yao kulikuwa na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa kapteni jeshini, ambaye aligeuka mfanyabiashara wa muziki hapa Nairobi. Ndiye aliyemleta Edouard Masengo kutoka Kongo, na mtu wake kule Dar es Salaam alikuwa Ally Sykes, askari mwingine wa Burma, ambaye baadaye aliingia kwenye waasisi wa TANU. Ukiufuata uzi huo utaona kwamba biashara ya santuri ya Afrika Mashariki baada ya vita iliendeshwa kwa sehemu na watu waliopitia jeshini.

Hata akodioni ya mzee wako ina mahali pake. Mwomboko, dansi ya Murang'a na Nyeri yenye akodioni na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, hatua mbili kisha kuinama, ilishamiri katika miaka hiyohiyo ya 1940, na hatua zake zina harufu ya dansi za wazungu ambazo vijana waliziona kambini na mashambani. Aliyerudi Murang'a na akodioni alirudi na kitu kilichokuwa kikitafutwa.

Desturi yenyewe haikufa na Keya. Maroon Commandos walianzishwa 1970 ndani ya 7 Kenya Rifles, kambi ya Langata: askari kamili, gwaride asubuhi, gita jioni. Ajali ya barabarani ya 1972 nusura iwamalize. Wakarudi, na 1977 Habel Kifoto akatuimbia "Charonyi ni Wasi" kwa Kitaita, tukaicheza nchi nzima hata tusiojua neno. Tanzania wana Mwenge Jazz yao ya jeshi. Jirani zetu hao hawajawahi kubishana kama mwanamuziki wa JWTZ ni askari.

Basi nishani. Mwombe shangazi aifungue ile leso mezani, mchana, penye mwanga wa dirisha. Hesabu ncha za nyota: ziwe sita. Katikati kuna duara lenye taji, herufi za mfalme George wa Sita, na maandishi ya Kiingereza yanayozunguka. Yakisema BURMA STAR umefika. Yakisema 1939-1945 STAR, bado ni ya vita, ila haikwambii alikuwa wapi. Kisha utepe. Wa Burma una bluu nzito pande zote mbili, wekundu mpana katikati, na ndani ya kila bluu mchirizi wa rangi ya machungwa. Usiusafishe. Usiisugue nyota kwa Brasso kama sufuria, nakusihi. Nimeona nishani ya familia moja imesuguliwa mpaka mfalme amepoteza taji.

Igeuze nyuma. Yaelekea utakuta hapana jina. Usivunjike moyo, na pia usimwambie mtu kwamba hiyo pekee ni ushahidi. Nyota za Waingereza za Vita vya Pili zilitolewa bila kuchongwa jina, tofauti na nishani za Vita vya Kwanza zilizopigwa namba na jina ukingoni. Ndiyo maana nyota kama hiyo huuzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale, na aliyeinunua anaweza kujitungia babu. Kinachomfunga mzee wako na nyota ile ni karatasi: cheti chake cha kuachishwa jeshi, chenye namba ya askari, kikosi, cheo na tarehe. Wazee wengi walikihifadhi pamoja na kipande, ile pasi ya mkoloni, na risiti za kodi, kwenye bati la biskuti au chini ya sanduku. Anzia hapo kabla hujapanda matatu.

Ukipata namba, nenda Jumba la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue. Lipia ada ya mtafiti, kisha muulize mhudumu majalada ya idara ya kazi na ya ustawi wa waliorudi vitani, miaka ya 1945 hadi 1948. Usiulize "majalada ya wanamuziki", utarudishwa mlangoni. Wanamuziki wamo humo wakiitwa askari, wakiomba leseni ya duka, wakiomba kibali cha kufungua hoteli ya chai. Serikali haikuwacheka hao: kwenye karatasi zake ni namba, cheo, kikosi.

Na jambo moja la haraka kuliko yote. Shangazi anayeifunga nyota kwenye leso huenda alimsikia mzee akipiga. Mwombe akuimbie, hata mstari mmoja, hata kwa mluzi, na simu iwe inarekodi mezani kabla hujauliza. Niletee sauti hiyo. Kama ni mwomboko nitautambua, na kama ni wimbo wa kambi, wazee wawili pale soko la Burma karibu na City Stadium, wana wa askari waliorudi na jina hilo mjini, wataumalizia kabla nyama haijaiva.